Namna ya Kupelekwa Mafunzo Bila Kufundishwa: Mwongozo kwa Mtumishi Mpya wa Halmashauri

Umeliona jina lako kwenye tangazo la kuitwa kazini, mama amepiga vigelegele, mjomba amekukopesha nauli. Umeshuka stendi na begi lenye vyeti halisi na nakala zake zilizogongwa mhuri wa wakili. Sasa umeripoti. Jalada umefunguliwa, cheki namba bado haijatoka, meza huna, na kiti unachangia na mwenzako wa Kilimo ambaye kwa bahati yako yuko safarini. Karibu sana. Naona mdomo unakuwasha kuuliza mafunzo elekezi yanaanza lini. Usiulize. Keti kwanza, maadamu kiti kiko wazi, nikueleze mambo yalivyo.

Nimekaa meza ya Utumishi miaka kumi na mmoja, katika halmashauri ambayo sitaitaja jina kwa sababu mafao yangu hayajalipwa. Katika miaka hiyo mpango wa mafunzo nimeuandaa mara tisa. Zile mara mbili zilizobaki sikuuandaa. Nilibadilisha mwaka kwenye ukurasa wa juu.

Uelewe tangu mwanzo kwamba sheria haina kosa. Ipo Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, zipo Kanuni za Kudumu za mwaka 2009, na humo mafunzo yamepewa sehemu yake nzima. Mwajiri anatakiwa apime mahitaji ya watu wake, aandae mpango, autengee fedha, awapeleke watu, kisha aangalie kama walichofundishwa kimebadilisha kitu. Ukiisoma sehemu hiyo usiku, ukiwa peke yako, unaweza kutokwa na machozi kwa uzuri wake. Shida huanza asubuhi.

Kupima mahitaji kunafanyika hivi. Mwongozo wa bajeti ukishatoka, na mfumo wa bajeti wa PlanRep ukishafunguliwa, Utumishi wanaandika dokezo kwa wakuu wote wa idara na vitengo: leteni mahitaji ya mafunzo ya watumishi wenu kabla ya saa tisa na nusu kesho. Dokezo linatoka Alhamisi mchana. Mkuu wa idara yuko kwenye msafara wa Kamati ya Fedha, anakagua madarasa. Anayemkaimu ana miezi minne kazini. Anaichukua fomu, anaikuta ina safu sita: jina, cheo, pengo la ujuzi, aina ya mafunzo, chuo, gharama. Kwenye pengo la ujuzi kalamu inasimama. Kuandika kwamba fundi sanifu hajui kukadiria gharama za jengo ni kumtukana mtu ambaye jioni utamwomba lifti. Kuandika kwamba mhasibu haelewi anachokisaini ni kutafuta vita. Basi kijana anaandika neno ambalo halijawahi kumuudhi mtu: kompyuta. Anashuka nalo mpaka chini ya ukurasa. Ukizikusanya fomu za idara zote utagundua kwamba halmashauri nzima, kuanzia afisa mifugo mpaka mlinzi wa geti, ina upungufu mmoja tu duniani, nao ni kompyuta.

Fomu zisiporudi, na nyingi hazirudi, unachukua mpango wa mwaka jana. Wa mwaka jana nao ulizaliwa na wa mwaka juzi. Ndiyo maana katika mpango wetu alikuwemo dada mmoja wa Maendeleo ya Jamii aliyekwisha kuhamia Tandahimba, na kwa miaka mitatu mfululizo tuliendelea kumpangia kozi ya kuandika maandiko ya miradi. Alikuwemo pia mzee wetu wa masjala, tuliyempangia stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu mwaka uleule aliostaafu. Diwani mmoja mama mtu mzima, msomaji wa makabrasha mpaka viambatisho, aliliona jina hilo kikaoni akauliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu si ndiye tuliyemuaga mwezi wa sita kwa pilau?" Mkurugenzi akajibu kwamba hoja imepokelewa. Ikapokelewa kweli, na mwaka uliofuata mzee alikuwa bado yumo.

Sasa fedha. Usije ukafikiri kwamba kuna mtu mbaya amekaa mahali anazila fedha za mafunzo. Zingekuwepo, huenda angejitokeza. Chukua mapato ya ndani ya halmashauri yako, yale ya ushuru wa mazao, leseni, vibanda na machinjio. Asilimia 10 ni ya mikopo ya vikundi kwa mujibu wa sheria: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Angalau asilimia 40 ni ya miradi ya maendeleo, na halmashauri zenye makusanyo makubwa zinatakiwa kupeleka huko 60 au zaidi. Kinachobaki kilipe posho za vikao vya madiwani, mafuta ya magari, umeme, shajala, walinzi, na watumishi wa mkataba. Mwenge nao utapita, na Mwenge hauna mjadala. Mafunzo yamekaa mwisho wa foleni, nyuma ya matengenezo ya gari la taka. Wakati wa kubana bajeti iingie ndani ya ukomo, mhasibu hupitisha macho vifungu vyote kwa upole kama daktari, na kifungu cha kukatwa kwanza ni kile ambacho hakuna mwananchi atakayekuja kukililia. Sijawahi kuona wananchi wameandamana kwa sababu mchumi wa wilaya hakupelekwa kozi.

Kulikuwa na wakati ambapo fedha za kujenga uwezo zilikuja na jina lake. Mfumo wa ruzuku ya maendeleo ulioanza mwaka 2004/05 ulikuwa na fungu la kujenga uwezo, na halmashauri ilitakiwa kuwa na mpango ndipo ilipate. Wazee wa Utumishi wanaukumbuka wakati huo kama watu wa pwani wanavyokumbuka mwaka wa karafuu. Mipango iliandikwa. Baadhi ya watu walijifunza kweli, hilo lazima niliseme. Wengine tulijifunza jinsi ya kuandika mpango wa kujenga uwezo.

Utaambiwa pia kwamba mahitaji yako yatajulikana kwa njia ya upimaji wa kazi. Hapo napo pana historia. OPRAS ilianza Julai 2004, ikaziondoa zile fomu za siri ambazo bosi alikujazia usijue kakuandika nini. Wazo lilikuwa jema: Julai wewe na msimamizi wako mkae mkubaliane malengo, Desemba mpitie mlikofika, Juni mpime. Tulichokifanya ni kuyamaliza yote matatu mwezi Juni, siku moja, kwa kalamu tatu tofauti ili wino usifanane. Alama zilikuwa 1 mpaka 5, na 1 ndiyo iliyo bora. Nimewahi kupokea fomu ya muuguzi mmoja mchapakazi hasa, aliyejipa 5 toka juu mpaka chini, na msimamizi wake, kwa jinsi alivyompenda, akakubaliana naye kila mstari. Mwisho wa fomu palikuwa na sehemu ya tuzo, hatua za maendeleo au adhabu. Pale ndipo mtu alipaswa kuandika: huyu aende akajifunze kitu fulani. Katika fomu zote zilizopita mikononi mwangu, waliopajaza waliandika "apandishwe daraja".

Siku hizi kuna PEPMIS, iliyochukua nafasi ya OPRAS katika mwaka wa fedha 2023/24. Kalamu tatu hazina kazi tena. Kuna nywila, ambayo utaisahau. Kuna msimamizi wako ndani ya mfumo, ambaye unaweza kukuta alishahama. Na kuna mtandao, ambao kwa mwalimu na mtendaji wa kata za pembezoni unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zahanati. Ukiona watu wamesimama juu ya kichuguu jioni wameinua simu mbinguni, usidhani ni madhehebu mapya. Wanajaza kazi za wiki.

Basi sahau mpango, sahau na fomu. Kinachompeleka mtu mafunzo ni barua.

Barua inatoka wizarani, mkoani, au kwenye shirika lenye mradi. Inasema: mnaombwa kuleta mshiriki mmoja mwenye uelewa wa masuala ya lishe. Inafika masjala, inapigwa mhuri wa kupokelewa, inawekwa ndani ya jalada, inapanda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi yuko mkoani. Akirudi anaandika pembeni, "Utumishi, shughulikia." Inashuka. Mafunzo yanaanza Jumatatu saa mbili asubuhi huko Morogoro, barua inafika mezani kwangu Ijumaa saa nane mchana. Afisa lishe yuko kijijini kwenye siku ya afya na lishe, anapima watoto, simu yake haipatikani. Mlangoni amesimama kijana wa Ardhi aliyekuja kuulizia likizo yake. Amevaa viatu vizuri. Anakwenda yeye.

Huyo kijana alirudi na begi lenye nembo, fulana, na elimu ya kutosha kuhusu upungufu wa madini ya chuma kwa mama mjamzito. Haikupotea bure. Mwaka uliofuata nilifuatana naye kupima viwanja, tukamkuta mama mmoja mwenye ujauzito anagombea mpaka na shemeji yake. Kijana akaweka chini kamba ya kupimia, akamweleza habari za mchicha na dagaa kwa robo saa nzima, vizuri, kwa mifano. Mpaka wa kiwanja haukuisha hadi leo. Kwa hiyo, ikiwa kuna jambo moja la kukariri katika maelezo yangu haya, likariri hili: Ijumaa saa nane mchana uwepo ofisini, na uwe umevaa viatu.

Tuizungumze na posho, maana naona unaona haya kuitaja. Tangu Julai 2022 posho ya kujikimu kwa safari za ndani ilipanda, kiwango cha juu kutoka shilingi 120,000 kwa siku hadi 250,000, na cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Piga hesabu ya mtu wa kiwango cha chini. Siku tano za mafunzo na mbili za njiani ni 700,000. Kwa watumishi wengi wa ngazi za chini hiyo inazidi kinachobaki mkononi mwisho wa mwezi baada ya makato ya benki na kausha damu. Kwa hiyo kumcheka mtu anayependa semina ni kumcheka mtu anayependa tarehe 25. Watu wa juu hawana la kutucheka pia. Neno "semina elekezi" wananchi walilijua vizuri mwaka 2006, mawaziri walipokwenda kuelekezwa Ngurdoto, kwenye hoteli nzuri kule Arusha. Mwishoni mwa 2015 Magufuli alipoingia alizibana semina na safari, akataka kumbi za serikali zitumike badala ya hoteli, na kwa muda mfupi washiriki walinyweshwa chai kwenye mabwalo ya shule. Ujuzi haukupungua. Haukuongezeka pia.

Ukishafika ukumbini, mambo ni mepesi, utayazoea siku moja. Mwezeshaji atawaomba mchague mwenyekiti wa darasa, mtunza muda na mchangamshaji. Mtaandika kanuni: simu zizimwe, tuheshimu mawazo ya wenzetu. Kisha mtaulizwa matarajio yenu, na mwezeshaji atayaandika kwenye bango kitita kwa kalamu rashasha. Hapa kaa macho. Kuna mtu wa nyuma atasema, "Natarajia mambo ya utawala yazingatiwe," ukumbi utacheka na kupiga makofi ya kilo mbili. Huyo ndiye mwenye uzoefu. "Utawala" maana yake posho na nauli, na swali la zitalipwa lini. Kama umetoka chuoni juzi na umeandika matarajio marefu kuhusu upangaji shirikishi, usiyasome, kunja karatasi.

Baada ya hapo kuna mada, kazi za vikundi, wasilisho la kikundi ambalo mtu mmoja huandika na wengine huangalia ujumbe wa simu, mgeni rasmi anayefungua mafunzo yaliyokwisha anza jana, picha ya pamoja, na cheti cha ushiriki. Cheti kitunze. Hakisemi umeshiriki nini, lakini kina rangi ya dhahabu pembeni.

Ukirudi ofisini utatakiwa kuandika taarifa ya mafunzo na kutoa mrejesho kwa wenzako. Taarifa itaambatishwa kwenye marejesho ya masurufu, kwa sababu bila hiyo utageuka hoja ya ukaguzi. Ndiyo taarifa pekee ya mafunzo inayosomwa mpaka mwisho, na anayeisoma ni mkaguzi, anatafuta tiketi ya basi. Mrejesho utapangiwa siku, siku itaahirishwa, na baada ya muda utasikika tu kwenye mengineyo: "Ndugu yetu alikwenda Morogoro, atatueleza siku nyingine."

Mafunzo marefu ni habari tofauti, na hapa utani naupunguza kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Kijana anaingia kwa cheti, anajisomesha shahada kwa mkopo wa benki, pengine Chuo Kikuu Huria ili asiache kazi. Anamaliza kwa taabu kubwa, anarudi na gauni na picha. Anaomba abadilishiwe kada. Hapo anagundua kwamba hakuwa kwenye mpango, kwamba ruhusa yake ilikuwa ya mdomo, kwamba ikama haina nafasi ya fani aliyoisomea, na kwamba cheo cha kuanzia katika kada mpya kina mshahara mdogo kuliko anaoupata sasa, kwa hiyo aombewe mshahara binafsi, na kibali kinatoka Utumishi Makao Makuu. Barua zinapanda. Katika muda huo anaendelea na kazi ileile aliyoifanya kwa cheti, ila sasa ana deni. Mwajiri akiulizwa anasema mtumishi alisoma fani isiyohitajika. Mtumishi akiulizwa anasema hakuna aliyemwambia inayohitajika ni ipi. Wote wawili wanasema kweli, na karatasi ambayo ingewapatanisha ni ule mpango niliobadilisha ukurasa wa juu.

Mapenzi yetu kwa vyeti hayana dogo. Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa halmashauri, na ofisini kwetu siku ile ilikuwa kimya kama msibani. Nilichokiona mimi ni kwamba kuna waliotoka ambao kazi zao zilikuwa hazina mtu mwingine anayezijua. Walighushi kwa kweli, na walistahili kuondoka. Lakini mmoja wao alikuwa ndiye pekee aliyejua jalada lipi liko wapi, na kwa miezi kadhaa baada yake masjala yetu ilitafuta majalada kwa tochi na sala. Hatukuwa tumempanga mtu yeyote ajifunze kutoka kwake. Kwenye mpango tulikuwa tumeandika kompyuta.

Nikupe na historia kidogo, ujue kwamba wazo la kuwafundisha watu wa serikali za mitaa halikuanza na warsha. Chuo Kikuu Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na madiwani. Mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zikaondolewa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na zilirudi kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984. Ukimwondoa mpishi jikoni miaka kumi na mbili halafu ukamrudisha, usitegemee moto aukute unawaka. Mwaka 1994 kikaundwa kwa sheria Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, nje ya Dodoma, kule kwenye bwawa na mashamba ya zabibu.

Hombolo utaijua hata kabla hujafika, kwa sababu imo ndani ya kila tangazo la kazi ya Mtendaji wa Kijiji daraja la tatu. Mwombaji awe na kidato cha nne au cha sita na cheti katika Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha, Maendeleo ya Jamii au Sayansi ya Sanaa, kutoka Hombolo au chuo chochote kinachotambuliwa na serikali. Tangazo hilo walioomba kazi wanalijua kwa moyo kama dua. Wachache hulisoma mpaka kwenye majukumu, na majukumu ndiyo yenye utamu. Mtendaji ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Ni katibu wa mikutano yote. Anatafsiri sera, sheria na taratibu. Ni mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini. Anatunza nyaraka zote, anasikiliza malalamiko, anatatua migogoro, anasimamia utungaji wa sheria ndogo. Ukiyaweka pamoja utaona ni rais wa jamhuri ndogo, mwenye baiskeli.

Huyo ndiye asiyewahi kuitwa. Barua ya Ijumaa haimfikii, kwa kuwa yeye Ijumaa saa nane mchana yuko saa tatu za pikipiki kutoka mlangoni kwangu.

Nilikwenda kwa mmoja wao mara moja tu, kuhakiki watumishi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, kabati la chuma lisilofunga, benchi la shule. Aliniambia makabidhiano yake yalichukua dakika arobaini, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa anawahi basi. Alikabidhiwa mhuri, pedi iliyokauka, na madaftari matatu ya mihtasari. Mafunzo elekezi yalikuwa hayo.

Tulipokuwa tumekaa, ikaja gari. Wakashuka mabwana wawili wenye adabu nyingi, wakasalimia, wakatoa karatasi iliyokwisha chapwa. Ilikuwa muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoridhia kutoa eneo la shamba kubwa kule bondeni. Kikao chenyewe kilikuwa hakijafanyika, lakini muhtasari ulikuwa safi, una mpaka ajenda ya kufunga. Walitaka sahihi na mhuri. Mtendaji, kijana mwenyewe, akaniangalia mimi, mtu wa makao makuu. Mimi nikaangalia kabati. Miaka yote ile ya kupanga mafunzo, na wakati ule sikuwa na jibu.

Bibi mmoja alikuwa kwenye benchi, mjumbe wa halmashauri ya kijiji wa miaka mingi, alikuja kwa shida yake ya cheti cha mjukuu. Akasema, "Mwanangu, mhuri utie mfukoni. Ardhi haitoki hapa, inatoka mkutanoni." Ni kweli tupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Bibi hakuijua namba ya sheria. Alijua tu kwamba bonde lile lilikwisha kugombewa mara mbili, na mara zote mbili ugomvi ulianza na karatasi.

Mabwana wakaaga kwa adabu ileile. Bibi akahamia meza ya mtendaji, akamwambia afungue daftari. "Kwanza mahudhurio, kabla mtu hajasema neno. Andika jina, kitongoji, sahihi. Asiyejua kuandika atie dole. Wahesabu, uone kama wanatosha. Mtu akipinga, andika kwamba amepinga na alivyosema, usimlainishe. Mkutano ujao uwasomee wenyewe waseme kama ndivyo walivyosema. Halafu daftari usimwazime mtu, hata diwani." Kijana alikuwa anaandika mbio. Mimi pia niliandika, nyuma ya fomu ya uhakiki. Somo lilichukua kama nusu saa, gharama yake chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, na mwezeshaji aliishia darasa la nne. Matarajio hakutuuliza.

Niliporudi nilifanya jambo moja la maana katika kazi yangu. Niliwaingiza watendaji wa vijiji wote kwenye mpango wa mafunzo, kwa majina yao, wiki mbili Hombolo, mada zikiwa ardhi ya kijiji, uandishi wa mihtasari na fedha za kijiji. Sikuandika kompyuta hata mara moja. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ikaupitisha, diwani yule mama akapiga meza. Ukomo wa bajeti ulipokuja, kifungu kikakatwa. Mwaka uliofuata nikakirudisha, kikakatwa. Niliyemwachia meza aliniambia amebadilisha mwaka kwenye ukurasa wa juu, kwa hiyo najua bado wamo.

Sasa inuka, mwenzako wa Kilimo nimemwona getini, anataka kiti chake. Yule mtendaji kijana bado yuko kijijini kulekule. Karatasi za mahudhurio zilimwishia, anachana madaftari ya shule. Ukipata safari ya upande huo mpelekee rimu moja na pedi ya mhuri. Uwahi kabla ya masika. Mvua zikianza, korongo la pili halipitiki.